Kikapu cha Mitetemo

Zamani, kila mlima wa Lyabuki ulipolipuliwa, mji mzima ulisema pole. Hakuna aliyetufundisha. Saa saba mchana king'ora kililia, akina mama wakateremsha vikombe kabatini na kuvilaza sakafuni juu ya kanga, walimu wakaweka chaki chini, na sisi watoto tukaachama midomo kama tulivyoambiwa ili masikio yasiume. Ardhi ikajikung'uta, vumbi likapanda, na kila mtu pale alipo akatamka neno lile lile unalomwambia mtu aliyejikwaa mbele yako. Tuliuambia mlima. Halafu vikombe vilirudi kabatini na mwalimu akaendelea na hesabu zake.

Siku hizi mlima haupo, pamebaki shimo ambalo ukisimama ukingoni malori yasiyo na madereva unayaona madogo kama siafu. Mlipuko nao ni kama haupo. Upo kila siku ya kazi, saa ile ile, ila hakuna anayeusikia. Mimi ndiye ninayeuzima. Naitwa Minza Masunga, mlipuaji mkuu wa mgodi, na kazi hii niliionea fahari mpaka siku niliyokwenda kumsalimu shangazi yangu nikakuta mlango una kufuli.

Wasioijua kazi yetu hudhani kulipua ni kujaza baruti na kukimbia. Mlipuko mmoja ni mamia ya matundu yaliyochorongwa kwa safu, na kila tundu hulipuka kwa zamu yake, likiachana na mwenzake kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukiyasogeza karibu mno, mawe yanaruka hadi barabarani. Ukiyaachanisha mno, yanabaki majabali ambayo hakuna lori la kuyabeba. Zamani tulipanga kwa kamba, chokaa na ubishi mwingi. Sasa tuna Tulizo, programu inayolisikiliza jiwe wakati mashine inachoronga, ikajua wapi ni gumu na wapi pana ufa, kisha ikaliweka kila tundu mahali pake na zamu yake, ili mtetemo wa hili ukutane na mtetemo wa lile na kuzimana njiani kabla ya kufika mjini. Ndiyo maana mtoto wa Lyabuki wa leo hajui saa saba ina nini.

Ila mtetemo haupotei hivi hivi. Ukiufukuza mjini lazima uende kwingine, na huko unakokwenda tunapaita Kikapu: sehemu moja ambako mitetemo badala ya kuzimana inajazana. Tulizo huchagua Kikapu yenyewe, mahali pasipo na watu, na hukihamisha kila shimo linapopanuka. Kwa muda mrefu kilikuwa kwenye mbuga ya tope upande wa kaskazini, na waliolalamika ni vyura. Tulipoanza kuukata ukuta wa magharibi wa shimo, kilihamia Mwabulenge.

Mwabulenge ndiko nilikozaliwa. Kijiji kilihamishwa nikiwa chuoni, watu wakapewa nyumba za matofali ng'ambo ya mji, mtaa unaoitwa Nyumba Mpya hadi leo ingawa nyumba zenyewe zimeshachoka. Kwenye ramani ya Tulizo, Mwabulenge pamepakwa rangi nyeusi, maana yake hapana mtu.

*

Jirani wa shangazi Holo, mwanamke mwenye mapaja mazito na maneno mepesi, aliniambia bibi ameenda kazini. Nilicheka. Shangazi alistaafishwa siku ile ile Tulizo ilipowashwa. Kabla ya hapo alikuwa mama king'ora. Alipita mpakani mwa mgodi na bendera nyekundu, akafukuza mbuzi na wapenzi vichakani, kisha akashika redio na kuuliza swali lake moja. Wasimamizi wengine huuliza mko wangapi. Yeye aliuliza, "Nani hayupo?" Tabia hiyo alikuja nayo kutoka machungani, maana mbuzi wanaoonekana hawampi mtu kazi. Kila kikosi kilitaja waliokosekana na mahali walipo, na asipotosheka hakuzungusha king'ora hata bosi angefoka vipi.

Jirani alinielekeza upande wa magharibi kwa mdomo. Kila siku wanakwenda, alisema, wazee karibu wote wa mtaa, asubuhi jua likishachomoza, na jioni wanarudi. Nikapanda pikipiki na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kuliko pikipiki yenyewe.

Niliwakuta wameketi kila mmoja kwake. Kuta zilibomolewa zamani, imebaki misingi ya mawe iliyozama kwenye majani, lakini walijua vyumba vyao. Mmoja alikuwa anakatakata viazi na kuvianika juu ya jabali viwe michembe. Mwingine alikuwa anashona kiatu mahali ambapo zamani palikuwa sebule. Mzee mmoja alipotaka moto kwa mwenzake, alikwenda hadi pale mlango ulipokuwa, akasimama mbele ya hewa tupu akapiga hodi, akasubiri aitikiwe ndipo akaingia. Na mimi nilipofika kwenye msingi wa nyumba yetu nilijikuta nainama kidogo, kwa sababu kizingiti cha baba kilikuwa kifupi.

Shangazi alikuwa barabarani, amevaa kizibao cha mgodi kilichopauka mpaka rangi yake ya njano imekuwa ya maziwa, bendera mkononi, anamfokea mbuzi. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia huku akitazama jua.

"Marahaba. Rudi nyuma ya mstari, karibu saa saba."

Nilimuuliza mstari gani. Akanionyesha mawe aliyoyapanga mwenyewe, meupe, yamezunguka kijiji chote. Nilikuwa bado natafuta la kusema ardhi iliporuka. Haikutikisika, iliruka. Chungu cha viazi kiliruka, mbuzi aliruka, na mimi niliyepanga kila tundu la mlipuko ule nilianguka kwa makalio kama mtoto anayejifunza kutembea. Kutoka kila msingi, sauti zikasema pamoja, "Pole." Kisha wakaniona chini, wakaniambia na mimi pole, wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Nilicheka nao. Sitasema uongo, nilifurahi. Harufu ya vumbi lile ilinirudisha darasani, na kwa dakika moja nilikuwa na baba, na kizingiti chake kilikuwepo. Shangazi alinikung'uta sketi. Alisema huko mjini tumeuziba mlima mdomo, huku bado unawasemesha, na ndiyo maana wanakuja. Usiku hawalali hapa, sababu fisi wamerudi, na Nyumba Mpya kuna umeme.

Kisha nikaona ufa. Ulipita katikati ya kijiji, mpya, kingo zake bado nyekundu, ukaenda moja kwa moja kwenye maduara, yale mashimo ambayo babu zetu walichimba dhahabu kwa mikono kabla kampuni haijaja. Yako chini ya Mwabulenge yote. Na mlipuko ule ulionidondosha ulikuwa mdogo. Wiki iliyofuata tulikuwa tunaangusha ukuta wa magharibi wote kwa mara moja, na mtetemo wake wote ungekuja hapa.

Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia mlima huu umemlisha ujana wake wote, hauwezi kumla uzeeni. Hapo alikosea, na nilimwambia amekosea. Jabali halina shukrani. Nikamsihi siku hiyo asije, wala wenzake.

Alinitazama, kisha akageuza macho kwenye msingi wake, penye rundo la mawe lililopakwa chokaa. Mumewe, Lugwisha, mchorongaji, alizikwa hapo. Kampuni ilipohamisha makaburi shangazi alikataa la mumewe liguswe.

"Mimi nitakimbia, Minza," alisema. "Yeye umemwambia akimbilie wapi?"

*

Nilirudi ofisini nikafungua Tulizo, nikaandika kwamba Mwabulenge kuna watu. Ilikataa. Ilinionyesha hesabu zake, na hesabu zilikuwa safi. Ndege ndogo za kuhesabu hupita alfajiri, ardhi ikiwa bado ya baridi, kwa sababu zinatafuta joto la miili. Jua likishapanda mawe ya Lyabuki yanapata moto, na ndege haiwezi kutofautisha mzee na jabali. Alfajiri wazee wa Mwabulenge wako Nyumba Mpya, wanakoroma. Programu iliuliza kwa upole ule wake usiochoka, kwa nini niwahesabu watu mahali wasipolala.

Nikaandika: *Wanalala Nyumba Mpya. Wanaishi Mwabulenge.*

Ilifikiri kidogo. Ikakubali kuwaweka kwa mamlaka yangu kama mlipuaji mkuu, kisha ikapendekeza pahali pengine pa kuweka Kikapu, panapofuata kwa utupu. Ilikuwa soko. Nikakataa soko. Ikaleta shule ya msingi.

Nilibaki nimeshika meza. Tulizo haikuwa na ubaya wowote, ilikuwa inasema kweli, alfajiri sokoni na shuleni hakuna mtu. Sisi ndio tulioipa ramani ya vitanda na kuiambia ni ramani ya watu.

Nikamwita Mhandisi Rweyongeza, meneja wa mgodi, Mhaya ambaye hata akipiga chafya hupiga kwa Kiingereza, lakini hasomi kitu mara moja akadai ameelewa. Alisoma mara tatu. Aliponyanyua kichwa hakujitetea. Alisema kuhesabu upya, mchana, mtu kwa mtu, kutachukua miezi, na ukuta una ufa. Mvua za vuli zikiingia utaanguka wenyewe juu ya mafundi wa pampu walioko chini. Kuukata vipande vipande nako ni miezi. Kwa hiyo, alisema, kuna njia mbili. Tuwatoe wazee, tuzungushie Mwabulenge uzio, Kikapu kibaki. Hakuna atakayekufa. Kijiji kitazama kwenye maduara, na kaburi lililobaki pamoja nacho, lakini hakuna atakayekufa.

Ya pili aliiacha niiseme mimi. Tulizo ina amri ambayo hatujawahi kuitumia, inaitwa Gawanya. Hakuna Kikapu. Matundu yanapangwa upya na mtetemo unasambazwa, kila nyumba inapata wake kidogo, mjini, Nyumba Mpya, Mwabulenge, nyumbani kwangu na kwake. Nilikadiria utakuwa kama zamani, pengine pungufu. Vikombe vitacheza. Kioo kimoja kimoja kitavunjika.

Rweyongeza alivua miwani.

"Mama yangu ana moyo mbovu," alisema. "Nilimtoa Bukoba nikamleta kukaa hapa kwa sababu hapa ni kimya. Unajua hilo."

Nilijua. Nilimwambia najua. Akaniuliza kama mtu akijulishwa kabla, akakalishwa, akashikwa mkono, moyo wake unastahimili. Sikumdanganya. Nilimwambia tu kwamba tukiweka Kikapu kuna mtu mmoja anayebeba mtetemo wa wote bila kuulizwa, na tukigawanya wote tunabeba, na mama yake yumo. Kwamba mimi mwenyewe sijui lipi ni haki. Najua lipi naweza kuwaambia watu machoni.

Alivaa miwani. Alisema sahihi ni ya mlipuaji mkuu, si ya meneja, sheria iko hivyo, na akatoka. Mlangoni aligeuka akaniomba jambo moja: siku hiyo, popote nitakapokuwa, nisikae ofisini.

*

Nilitia sahihi Gawanya. King'ora cha mgodi kiliuzwa kama chuma chakavu, lakini kile cha mkono, cha kuzungusha, kilikuwa kwenye stoo ya shangazi Nyumba Mpya, kimefungwa gunia, kimepakwa mafuta. Nilipomwambia nakihitaji, na ninamhitaji yeye, alijifanya hasikii vizuri ili niseme tena.

Wazee wa Mwabulenge ndio waliouarifu mji. Walipita nyumba hadi nyumba, wakipiga hodi kwenye milango ya kweli safari hii, wakieleza siku, saa, na namna ya kulaza vikombe. Hawakupokelewa kwa vigelegele. Mwenye duka la vioo alinitukania ukoo mzima, na alikuwa na haki. Wasichana wa saluni waliuliza kama nywele zitaharibika. Wenye umri wangu waliuliza kidogo tu, kisha wakaanza kusimulia, na waliosimulia sana walikawiza kazi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kikombe chake kilichovunjika mwaka fulani. Nilisimama nje ya madirisha nikisikiliza. Sikujua watu wameupenda utoto wao kiasi kile.

Shangazi ndiye aliyenisumbua. Hakutaka kuondoka Mwabulenge siku yenyewe. Gawanya si ahadi, nilimwambia, ni hesabu, na maduara ni ya zamani. Tulibishana mpaka nikalia, jambo ambalo sikuwa nimelifanya mbele yake tangu msiba wa mumewe. Akaninyamazisha kwa Kisukuma, akasema sawa, atasimama mlango wa mgodi mahali pake pa zamani. Alfajiri alikwenda peke yake kumfagilia Lugwisha kaburi, ndipo akaja.

*

Saa sita na nusu nilikuwa sebuleni kwa Mama Kokubanza, mama yake meneja. Kitufe cha kulipulia siku hizi kinakaa kwenye kifaa cha kiganjani, unaweza kukibonyeza ukiwa popote. Kama nimeamua mtetemo umfikie, niliona ni lazima unikute naye. Rweyongeza alikuwa amepiga magoti, analaza vikombe vya mama yake sakafuni juu ya kanga, meneja mzima, na hakujua aviweke mdomo juu au mdomo chini. Nilimwonyesha. Mdomo chini.

Mama alikuwa kitini, mdogo, amejifunga vizuri, kama anayesubiri mgeni. Alipoambiwa kuna mlipuko aliuliza swali moja tu, kama ni wa vita. Aliposikia si wa vita akaomba chai. Tukamwambia baadaye.

King'ora kikalia. Kililia kwa mkwaruzo, kikakatika, kikashika. Nje barabara ilinyamaza. Nikasikia mama mmoja anaita watoto kwa sauti ile, ile ile ya mama yangu, na ilinibidi niinamishe kichwa.

Redio yangu ikakwaruza.

"Nani hayupo?" aliuliza shangazi Holo.

Vikosi vikajibu. Pampu wamepanda wote. Karakana wote wapo isipokuwa mmoja, mgonjwa, yuko kwao, mkewe amethibitisha. Shule, sauti ya mwalimu, wote uwanjani. Soko. Nyumba Mpya. Nilijibu wa nyumba hii, watatu, tupo. Redio ikakwaruza tena.

"Mwabulenge hakuna mtu," alisema shangazi. Kisha, "Ila Lugwisha. Yeye nimemwacha nyumbani. Haya mwanangu, bonyeza."

Rweyongeza alishika mkono wa kulia wa mama yake. Mimi nikashika wa kushoto, nikapata mshipa wa kifundo, na kwa mkono wangu mwingine nikabonyeza.

Ulikuja kutoka chini ya miguu, mpana, bila haraka. Vikombe vikagongana sakafuni. Kabati likaguna, picha ya ukutani ikakaa upande, vumbi jembamba likashuka kutoka darini. Mshipa wa mama uliruka chini ya vidole vyangu, ukasita, na mimi nikasita nao, ukaruka tena, ukaendelea. Halafu ardhi ikatulia. Mama Kokubanza alitazama dirishani, kule lilikoinuka wingu la vumbi, uso wake umejaa huruma, mtu ambaye hakuwahi kukaa Lyabuki ya zamani na hakuna aliyemwambia kitu.

"Pole, waitu," alisema, kwa neno la heshima la kwao.

Rweyongeza alimuuliza mama yake pole ya nani. Akajibu hajui, lakini kuna aliyeumia huko nje, hamkusikia?

Kutoka nyumba ya pili mtu alisema pole. Na ya tatu. Likaenda hivyo barabara nzima, wazee kwanza, kisha sauti za watoto wakiiga na kucheka, mpaka sikuweza kujua lilikoishia. Redioni shangazi alikuwa analalamika kwamba huo si mlipuko, ni mtu kaangusha kinu. Nikamsikia akihema, amekwishaanza kutembea. Nikamuuliza anakwenda wapi kabla sijatangaza hali ya usalama. Nilisikia hatua zake zikiendelea kwa muda mrefu.

Kisha akasema amefika mpakani mwa mawe yake meupe, vumbi limetulia, na Mwabulenge ipo. Nikasikia anapiga hodi.